Kibali cha njia ya mtoni kisitolewe gizani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia akilini kila nisikiapo wakubwa wakizungumzia njia za waendao kwa miguu jijini Nairobi. Wengi wao huyasema hayo dakika chache baada ya kushuka garini, na wakishamaliza kusema hurejea garini. Mimi ni mwalimu. Kwa miaka mingi nimeifuata kwa miguu njia ya vumbi iliyo kando ya Mto Nairobi kutoka nyumbani hadi shuleni, na kwa hivyo kunguni wa kitanda hiki ninawafahamu mmoja mmoja.

Njia yenyewe, mpenzi msomaji, ina upana wa mtu mmoja na nusu. Mahali pengine hupita nyuma ya ukuta wa ghala, na ukikutana na mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji, mmoja wenu hana budi kuuegemea ukuta ili mwenziwe apite. Mahali pengine hukatizwa na bomba la majitaka lililopasuka zamani, na watoto wameweka mawe manne ya kukanyagia. Kisha kuna daraja. Ninaliita daraja kwa heshima tu. Ni mbao tatu na vyuma viwili vilivyounganishwa na vijana wa mtaani, nao huketi mwishoni mwake wakikusanya shilingi tano kwa kila apitaye. Wanafunzi waliovaa sare hawatozwi. Siwalaumu vijana hao hata chembe. Mahali ambapo serikali haikujenga, wao wamejenga.

Masika ya mwaka 2024 yalipokuja, daraja hilo liliondoka usiku mmoja. Sote tunayakumbuka mafuriko yale. Zaidi ya watu 280 walipoteza maisha nchini, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili Aprili 29 hazikufunguliwa hadi Mei 13. Tulipofungua, msichana mmoja wa kidato cha pili darasani mwangu hakuonekana kwa majuma mawili. Nilidhani wamehama, maana mapema mwezi huo serikali ilikuwa imewaamuru wote waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka ukingoni waondoke, na matingatinga yalikuwa yamepita Mathare na Mukuru. Kumbe hawakuwa wamehama. Walikuwa papo hapo ng'ambo, ila daraja halikuwako.

Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kwa barabara kuu, mwendo wa saa nzima na ushei, sako kwa bako na malori, pasipo hata ukanda wa kupitia waendao kwa miguu. Mamake alimkataza. "Mwalimu," akaniambia tulipoonana, "heri akose masomo kuliko mimi nimkose yeye." Sikuwa na jibu siku hiyo, na mpaka leo sijalipata.

Asije mtu akadhani kwamba mama huyo alikuwa na woga wa bure. Tangu mwaka 2021, barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na katika takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) kundi kubwa zaidi huwa ni la watembeao kwa miguu. Hali kadhalika, uchunguzi wa usafiri uliofanywa jijini kwa nyakati mbalimbali umeonyesha kwamba takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu mitupu. Nairobi, basi, ni jiji la waendao kwa miguu, ingawa halikujengwa kwa ajili yao. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 tuliishangilia, na haki ya kuishangilia tulikuwa nayo. Lakini vivuko vya juu vya waendao kwa miguu vilichelewa katika sehemu kadhaa, na kwa muda mrefu watu waliendelea kuruka vizuizi na kukimbia mbele ya magari kama swara. Aliyechora barabara hiyo alimwona dereva kwanza, na mtembeaji akamkumbuka baadaye.

Ndiyo maana nilifurahi, tena nilifurahi kweli, serikali ilipozindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi mnamo Machi 2025. Miongoni mwa yaliyoahidiwa ni mabomba mapya ya majitaka, madaraja, miti, na njia za miguu na baiskeli kandokando ya mto. Wala hilo halikuwa wazo jipya. Miaka kumi kabla ya hapo, yaani mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilikuwa imetoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kwamba sehemu ya tano ya bajeti yake ya usafiri ingekwenda kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ahadi ni deni, na mdai nilikuwa mmojawapo. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, njia hiyo itapita wapi upande wetu, na daraja litakaa mahali gani?

Nikawachukua wanafunzi sita wa kidato cha tatu, yule msichana akiwemo, tukaenda katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Tulielekezwa dirisha la kwanza, tukaelekezwa la pili, tukaambiwa faili iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Hatimaye karani mmoja mwenye utu alitutolea ukurasa wa gazeti uliokuwa umebandikwa ubaoni. Lilikuwa tangazo la kuwaalika wananchi watoe maoni kuhusu kazi za ukingoni. Lilikuwa kwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi, na siku ya mwisho ya kupokea maoni ilikuwa imepita kwa siku tisa.

"Samahani, mkubwa," yule msichana akauliza, "sasa daraja litakaa wapi?"

Karani akaitazama ramani iliyokuwa ukutani, akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli. "Mtoto, hata mimi sijui."

Nilirudi shuleni nikiwa na fikira nyingi. Ilinibainikia kwamba mzizi wa fitina ulikuwa tangazo lenyewe, wala si ramani. Tunapozungumza kuhusu kibali cha ujenzi tunadhani ni karatasi yenye mhuri, jambo la mafundi na mawakili. Kumbe kibali ndicho kipindi cha pekee ambapo mwananchi anaweza kusema neno likasikika. Kabla ya kibali, mchoro hufutika kwa kalamu. Baada ya kibali, simiti ikishamwagwa, hata ukipiga mayowe utaambiwa maji yakimwagika hayazoleki.

Natuitazame sheria inavyosema. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamkataza mtu kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila ya kibali, na anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Ombi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Idara nyingine, za maji, za barabara, za mazingira na kadhalika, hutakiwa kutoa maoni yao. Mtu asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufani kwa kamati ya uwiano ya mipango ya kaunti katika muda wa siku 14, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mbali na hayo, Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi ya mtoni ifanyiwe tathmini ya athari zake, na leseni itolewe na NEMA. Asiyeridhika nayo ana baraza la kitaifa la kusikiliza rufani za mazingira.

Hadi hapo, sheria ni nzuri. Lakini mna mambo mawili ambayo mwalimu yeyote akiyasoma atakuna kichwa. La kwanza ni kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, sheria ya 2019 huchukulia kuwa kibali kimetolewa. Naam, kimya ni kibali! Naielewa nia ya waliotunga kifungu hicho: walitaka kumkinga mwananchi dhidi ya maofisa wanaokalia faili wakingoja mkono ulambwe. Hata hivyo, wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Ofisi inaweza kukaa kimya kwa uvivu, au kwa kuwa imeombwa ikae kimya, na mshindo wake ukasikika mtoni.

La pili ni zile siku 14. Huhesabiwa tangu uamuzi utolewe, si tangu mimi na wewe tuusikie. Mkazi wa ukingoni anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kibaruani na kurudi usiku, atajuaje kwamba saa imeanza kuhesabu? Gazeti hanunui, na akilinunua hasomi ukurasa wa matangazo, na akiusoma hakielewi Kiingereza cha mawakili. Mwenye ghala ambaye ukuta wake umeingia ukingoni ana wakili wa kumsomea. Mwenye miguu hana. Kwa hiyo ramani hupinda kwa kumkwepa mwenye ghala, na humwendea moja kwa moja mwenye kibanda.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, nami kama mwalimu wa Kiswahili sitaliruka. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Unawezaje kumshirikisha mtu kwa lugha asiyoielewa vyema? Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zililiona jambo hili zamani. Ziliagiza mabango yabandikwe mahali pa wazi, tangazo litolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoathirika. Waliotunga kanuni hizo walijua kwamba mto haupiti katika kurasa za gazeti. Hupita Kawangware, hupita Gikomba, hupita Korogocho na Dandora, na huko ndiko tangazo linakopaswa kubandikwa: kwenye nguzo ya daraja, kwenye mlango wa shule, kwenye kioski cha maji.

Nisingependa msomaji aniweke katika kundi la wale wanaopinga kila kitu. Mgala muue na haki umpe. Mto huu umeonewa kwa muda mrefu, na anayetaka kuuokoa anastahili kuungwa mkono. Jina la jiji letu lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, maji hayo ndiyo yaliyofanya kambi ikae. Tangu hapo jiji likaupa mto kisogo. Viwanda vikaugeuza mfereji, nyumba zikaufanya choo, na mwaka 1975 dampo la Dandora likafunguliwa karibu nao. Yanayotupwa Nairobi hayaishii Nairobi, maana maji haya huingia Mto Athi, yakawa Galana, yakawa Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mvuvi wa pwani hupokea salamu zetu kila siku, na salamu zenyewe ni za kutia haya.

Vilevile, tumeona kwa macho yetu kwamba mto unaweza kurejeshewa heshima. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, alivalia njuga usafishaji wa mto huu, na sehemu iliyo karibu na mzunguko wa Globe ikageuka bustani. Alipofariki mwaka 2012, bustani iliyobeba jina lake nayo ikaanza kufifia. Magugu na taka vikarudi. Haikufufuliwa hadi mwaka 2020, ilipopandwa miti upya na kutiwa vijia vya kupita. Huko Korogocho, vijana waliokuwa wamechoka kuzika wenzao waliusafisha ukingo mwaka baada ya mwaka hadi jalala likawa uwanja wa watoto kuchezea. Mafunzo hapa ni mawili. Ukingo husafishika. Tena kinachosafishwa kwa amri ya mtu mmoja huchafuka akiondoka, ilhali kile ambacho wenyeji wamekishika kwa mikono yao hudumu.

Wapo wanaosema kwamba njia ya baiskeli mtoni ni anasa ya watu wa Westlands, na kwamba maskini anahitaji nyumba na chakula kwanza. Ninawaheshimu, lakini ninawaomba wahesabu upya. Mfanyakazi wa kibarua hutoa sehemu kubwa ya ujira wake kwa matatu, na mvua ikinyesha nauli hupanda maradufu bila ya mtu kuulizwa. Baiskeli moja na njia salama ya kuipitishia ni nyongeza ya mshahara isiyohitaji mgomo. Kwa mwanafunzi, ni saa nzima ya kulala au kudurusu.

Wapo pia wanaosema kwamba njia ya mtoni itakuwa pango la wanyang'anyi. Hofu hiyo ina msingi, kwani nami nimewahi kupokonywa mkoba pale nyuma ya ghala, ukiwa na madaftari 40 ya insha ambazo sikuwa nimesahihisha. (Wanafunzi wangu walimsifu mwizi huyo kwa muda mrefu.) Lakini wezi hupenda mahali penye giza na pasipo watu. Taa za mulika mwizi zikisimamishwa, na wauza mboga na mafundi wa baiskeli wakiruhusiwa kuwa na mahali pao kando ya njia, macho yatakuwa mengi. Njia iliyofukuza wachuuzi wote ili ionekane nadhifu katika picha ndiyo itakayokuwa pango.

Wengine, hasa maofisini, hudai kwamba kuwauliza watu kunachelewesha maendeleo. Jibu langu ni la mwaka 2018. Mwaka huo majengo makubwa ya kibiashara yaliyokuwa kwenye kingo za mito ya Nairobi yalibomolewa, na baadhi ya wenyewe walisema walikuwa na vibali vyote vilivyohitajika. Ni nani aliyepata faida katika haraka ile? Kibali kilichotolewa bila ya kupima ukingo wala kumwuliza jirani ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Aidha, mpaka wenyewe umekuwa na utata tangu zamani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja kati ya mita 6 na mita 30 kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Amri ya mwaka 2024 ikataja mita 30. Katika mtaa uliosongamana, tofauti ya mita 24 ni safu nne au tano za vyumba, na katika kila chumba mna watu. Haifai tarakimu kama hiyo ijulikane siku ya tingatinga. Bikoni zipigwe kwanza, watu waonyeshwe, na wanaolazimika kuhama wapewe notisi na mahali pa kwenda. Mwaka 2024 waliohamishwa waliahidiwa shilingi 10,000 kila kaya. Anayejua kodi ya chumba na bei ya mabati jijini ataniambia fedha hizo zinafika mwezi gani. Ingekuwa dhihaka kuu kuwajengea watu njia ya kutembelea kwa kuwaondoa hao hao wanaotembea.

Ningeulizwa niandike masharti ya kibali hicho, ningeanza na nyayo. Wapangaji waje saa kumi na mbili asubuhi, wasimame ukingoni siku tatu, wahesabu watu wanatoka wapi na wanaenda wapi. Nyayo za watu ni ramani tayari. Pale zinapokatiza mto ndipo daraja linapotakiwa, na juu ya kiwango cha maji ya 2024, si cha kiangazi. Pili, mabomba ya majitaka yatangulie. Kumjengea mtu njia nzuri kando ya mfereji wa kinyesi ni sawa na kumkaribisha mgeni kwenye zulia lililotandikwa jaani. Tatu, waendao kwa miguu watengwe na wapanda baiskeli kwa mstari au kizingiti, na nguzo zisimamishwe miingilioni ili bodaboda zisifanye njia hiyo barabara ya mkato, ila nafasi iachwe ya kiti cha magurudumu na ya mkokoteni. Nne, kibali kitaje kwa jina ofisi itakayoifagia njia, kubadilisha taa zilizokufa na kuziba mashimo, na fedha zitakazotumika zitatoka katika fungu gani. Bustani ya Globe imeshatufundisha gharama ya kulisahau hilo.

Sasa turudi kwa wale wanafunzi sita. Sikutaka safari yetu ya ofisini iwe somo la kukata tamaa. Juma lililofuata nilikuwa nikifundisha barua rasmi. Kwa kawaida mimi huwapa kazi ya kumwandikia meneja wa kampuni isiyokuwako, wakiomba kazi isiyokuwako. Safari hii niliwaambia waandike barua ya kweli. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi hutakiwa kujibu katika muda wa siku 21, na hakuna ada ya kuomba, isipokuwa gharama ya kunakili. Tukachagua barua iliyokuwa bora kuliko zote, nikaitia sahihi nikiwa mwombaji, tukaipeleka kwa mkono na kugongewa mhuri kwenye nakala yetu.

Jibu lilikuja siku ya 19. Lilikuwa kwa Kiingereza, lakini lilikuja, likiwa na karatasi moja ya ramani. Tuliitandaza juu ya meza tatu zilizounganishwa, tukaitafuta shule yetu. Daraja lilikuwako. Lilikuwa limechorwa chini ya mto, mbali na pale wanapovukia watoto, mahali ambapo ng'ambo yake pana ukuta mtupu. Na njia ya upande wetu ilikuwa imekomea nyuma ya lile ghala, ikaanza tena mbele yake, kana kwamba waendao kwa miguu watapaa kama kunguru.

Sidhani kwamba aliyeichora alikuwa na nia mbaya. Yamkini alichora kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na kutoka angani mtoto aliyebeba viatu mkononi akivuka mbao tatu haonekani. Darasa zima likaandika maoni. Walihesabu watu kwa siku tatu, asubuhi na jioni, wakachora jedwali, wakaonyesha kwa mshale mahali daraja linapofaa kuwa. Mwalimu wa Hisabati akawasahihishia jumla, wa Jiografia akawasahihishia ramani, nami nikawasahihishia ngeli. Tuliyapeleka maoni hayo tukijua kwamba tarehe ya tangazo ilikuwa imepita. Karani yule yule aliyapokea, akayasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akaketi na kuusoma wa pili. Hatujapata jibu bado.

Mwalimu mwenzangu, mto wako huenda usiwe Nairobi. Huenda ni Sosiani pale Eldoret, au Nzoia, au kijito kisicho na jina katika ramani yoyote. Siku itafika ambapo mtu atataka kujenga kitu ukingoni mwake, na tangazo litabandikwa mahali, kwa herufi ndogo. Wafundishe wanafunzi wako kulitafuta. Mtaala wa umilisi unataka huduma kwa jamii, na sijui huduma iliyo bora kuliko kumsomea mzazi asiyejua Kiingereza tangazo linalohusu nyumba yake, kisha kumsaidia kuandika maoni yake kabla ya siku kuisha. Nawe mwanafunzi, usiseme kwamba mambo ya vibali ni ya wakubwa. Wakubwa hupita kwa gari.

Nao wenye mamlaka ninawaomba jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala mkopo. Kabla ya mhuri kugongwa, chukueni ramani ya kila sehemu, iandikeni kwa Kiswahili, ibandikeni kwenye mti ulio karibu na kivuko, mwache siku 30. Mvua ikiilowesha, bandikeni nyingine. Mtashangaa ni wangapi watakaosimama, wakaweka mizigo yao chini, wakainyoshea kidole.

Asubuhi ya leo nimepita pale tena. Vijana wamelifunga daraja kwa waya mpya, na ubao wa nne umeongezwa. Yule msichana alikuwa ametangulia mbele yangu, viatu mkononi, mkoba kichwani, akijaribu kila ubao kwa kidole cha mguu kabla ya kuukanyaga. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ngong.